Maziwa Yasiyotoka Zizini

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia na kifua hakikusumbui tena kwa baridi ya alfajiri. Nisalimie shangazi, ambaye nasikia ndiye anayekupikia siku hizi na ndiye anayekuficha chumvi. Nisalimie na ng'ombe wote, hasa Bibi Harusi, ambaye Mama humuulizia kabla hajaniuliza mimi nimeamkaje. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo. Naliandika hilo mapema ili usiruke mistari ukilitafuta: anakula, analala, na leo asubuhi ameniambia kwamba shati langu linaonekana limepigwa pasi na mtu anayekimbia polisi.

Umeuliza kwenye simu, tena na tena, Mama atarudi lini, nami kila mara nimejibu kwa kukohoa. Atarudi Baba, na siku nitakuambia humu humu. Lakini kabla hajarudi kuna jambo ambalo ni lazima ulijue, kwa sababu usipolijua, afya aliyoipata huku itaishia mlangoni kwako siku ya kwanza. Ndiyo sababu naandika.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Usikasirike nikisema ukweli. Simu yako unaipokelea zizini, umeiegemeza kwenye pipa, sauti umeifungua hadi mwisho, na kila ninachosema anakisikia shangazi, anakisikia mwenye baiskeli ya maziwa, wanakisikia na ndama. Mara ya mwisho nilikuambia nina mafua, na kesho yake nikapigiwa na watu nisiowajua wakinipa pole. Jambo la leo si la kusikilizwa na ndama. Tena unanijua. Nikianza kutetemeka nasahau nusu ya maneno, na nusu inayobaki ni kuomba radhi. Hapa ofisini wamekwisha kunibandika jina la Samahani, na mama mpiga chapa anayekaa meza ya jirani anaapa kwamba aliniona nikimwomba radhi mlango ulionibana kidole.

Kwa hiyo nakuomba usome hadi mwisho kabla hujaenda kuosha ndoo. Sisi watoto wako tunajua kwamba ukikasirika hugombi. Unachukua ndoo zilizo safi unaziosha upya, na hakuna anayekusogelea mpaka zikauke.

Kazi inaendelea vizuri. Bado niko masjala, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, chenye dirisha ambalo halifunguki mpaka lipigwe teke. Mafaili yanakuja yamechanika, nayavika majalada mapya, nayarudisha. Mkuu wa masjala ni mtu mpole asiyetabasamu, na hadi leo sijui kama ananipenda au ananivumilia tu.

Ulipomruhusu Mama aje kunisaidia kuhamia chumba kipya, wote tulidhani ni safari fupi. Siku za mwanzo alipaka ukuta rangi, akashona pazia, akagombana na mwenye nyumba kuhusu bomba linalovuja, na akashinda. Lakini nikaanza kuona mambo ambayo nyumbani sikuyaona, maana nyumbani Mama hakai mahali pamoja. Chumba changu ni kidogo, mtu akishika tumbo unamwona. Kila akinywa chai ya maziwa asubuhi, baada ya muda alikuwa anajikunja pembeni ya kitanda, jasho linamtoka, tumbo limevimba na linanguruma hadi nalisikia nikiwa nafunga viatu. Nikimuuliza anasema ni mafuta ya mjini. Kisha nikaona sketi yake ameikaza kiunoni kwa pini. Nikamuuliza na pini nayo ni mafuta ya mjini? Akaniambia nisimchunguze kama afisa wa forodha.

Aliyenitoa usingizini ni yule mpiga chapa. Mama alikuja ofisini kuniletea mwavuli, wakacheka pamoja kama watu waliosoma darasa moja, na alipoondoka mpiga chapa akanigeukia bila kicheko akaniambia kwamba mama yangu anakonda huku mimi napanga mafaili. Nilikwenda kwa mkuu wa masjala, nikaomba ruhusa ya kumpeleka hospitali. Alichoniuliza ni kwa nini nimechelewa kuomba.

Hospitali walimpima damu, wakampima choo, wakamwuliza maswali ambayo mimi nilitazama dari yalipokuwa yanajibiwa. Nilikaa kwenye benchi nikiwa nimekwisha kumwuguza magonjwa yote ninayoyajua na mengine niliyoyabuni. Daktari akatuita akasema hakuna ugonjwa wa kutisha. Tumbo la Mama limeacha kuisaga sukari iliyomo ndani ya maziwa. Huwapata watu wengi sana wakishakuwa watu wazima, na si uchafu wala uzembe. Ng'ombe hana kosa na mkamuaji hana kosa. Mama akamwuliza kama hata maziwa ya ng'ombe unayemjua kwa jina nayo yanahesabika. Daktari akasema tumbo halijui majina.

Najua utauliza kuhusu mtindi. Tuliujaribu. Kijiko tu, akakesha.

Daktari akaongeza mawili. Kwanza, sukari ya Mama imepanda kidogo, haijawa ugonjwa lakini imeshapiga hodi. Pili, kwa umri wake mifupa inahitaji kulindwa, na kukonda kule hakumfai, kwa hiyo asiache maziwa halafu akabaki na chai ya rangi. Atafute maziwa ya mimea yaliyo mazuri. Akasisitiza hilo neno, mazuri, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Tukaenda duka kubwa la kona ya barabara. Baba, sikujua kama dunia imefika huko. Rafu nzima: maziwa ya soya, ya lozi, ya shayiri, ya mchele, ya nazi, ya korosho. Kila boksi lina jani la kijani na mtu mwembamba anayekimbia. Mama akamsimamisha mhudumu wa duka, akamwuliza kwa sauti ya heshima kabisa lozi anakamuliwa wapi, na je, akipiga teke mnamfunga mguu? Yule dada alicheka hadi akaegemea rafu. Mimi nilijifanya nimekuja peke yangu.

Sasa sikiliza ujinga wangu, maana nadhani ni ujinga ambao angeufanya mtoto wa mfugaji tu. Nilinunua boksi moja moja la aina kadhaa, nikazipanga mezani, nikafanya kama ulivyonifundisha. Nikamimina kwenye glasi, nikainamisha, nikasubiri nione yanavyoshuka. Maziwa yaliyotiwa maji hukimbia, maziwa ya kweli huacha pazia jeupe kwenye kioo. Si ndivyo unavyowapima wanaotaka kuchanganya maziwa yao na yako? Basi ya mchele yalikimbia kama mwizi. Ya lozi yakayafuata. Ya soya yasiyotiwa sukari yaliacha pazia jembamba na harufu ya maharage. Lakini ya korosho yenye vanila yalishuka polepole, mazito, yametulia, mithili ya malai ya juu ya sufuria ya Bibi Harusi. Mama akaonja, akafumba macho, akasema haya hata mume wangu angeyapitisha. Nikasema basi, tumepata. Tukanunua mengi.

Tumbo lilitulia kweli. Siku hizo nilitembea kwenda kazini nikipiga mluzi, mimi ambaye huwa natembea nikihesabu mambo yatakayoharibika. Lakini aliporudi kupimwa, sukari ilikuwa imepanda zaidi, na mwili haujaongezeka hata kidogo. Tukapelekwa kwa mtaalamu wa lishe, mama mnene mwenye sauti ya mnadani, ambaye wagonjwa wote wanamwita Bibi Lishe na yeye anaitika. Akauliza Mama anakunywa nini. Nikamtolea boksi, tena kwa fahari, nikamweleza na kipimo cha glasi, na kwamba baba yangu ni bingwa wa kipimo hicho.

Bibi Lishe alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema masjala. Akataka kujua kama huko masjala tunasoma jalada tu na faili tunaliacha limefungwa. Nikasema hapana, faili lazima lifunguliwe. Akaligeuza boksi nyuma akanipa nisome. Kitu cha kwanza kilichoandikwa ni maji. Cha pili ni sukari. Korosho ilikuwa huko mbali, jirani na chumvi. Ule uzito wote niliouona kwenye kioo ulikuwa wa wanga na aina ya gundi inayolika. Nilitamani benchi linimeze.

Lakini hakunidhalilisha, akanieleza taratibu, nami nakuandikia kwa sababu najua utataka kujua. Kwa ng'ombe, alisema, uzito ni mafuta na ni chakula, kwa hiyo baba yako hakosei. Kwa maziwa ya mimea uzito hausemi kitu, maana kiwandani chochote kinaweza kufanywa kizito. Huku unasoma nyuma. Utafute yasiyoongezwa sukari. Utazame protini ni kiasi gani, kisha utazame kama wameongeza madini ya mifupa na vitamini, kwa sababu mingi ya mimea hii haina ya kutosha kama ng'ombe. Nikamwuliza basi yapi ni mabaya. Akasema swali si yapi mabaya, swali ni nani anakunywa. Ya lozi ni mepesi, maji mengi, yanamfaa asiyetafuta nguvu humo. Ya shayiri yana ladha nzuri lakini yana wanga mwingi kwa mtu ambaye sukari imempigia hodi. Ya mchele ni matamu hata kabla hayajaguswa. Kwa Mama, aliyekonda na anayehitaji mifupa, akachagua ya soya yasiyo na sukari, kwa sababu kwa protini ndiyo yanayokaribia kabisa ya zizini kwako. Yaani lile boksi nililolikataa kwa harufu ya maharage.

Mama alinuna wiki nzima. Alisema amelelewa na ng'ombe, ameolewa kwa ng'ombe, na sasa anazeeka na maharage. Akajaribu kwenye chai, yakakatika, chai ikawa kama supu ya mawingu. Akaniwekea kikombe mbele ya pua. Mpiga chapa akamfundisha ayapashe moto kwanza na chai isiwe kali sana, hayakatiki tena. Siku moja akamaliza glasi, akapangusa mdomo, akaniambia si mabaya, ila nisimwambie mtu.

Halafu likatokea jambo la chokaa. Mama alikata boksi tupu ili aoteshee mche wa nyanya, akakuta chini kabisa matope meupe yameganda. Akapandwa na hasira, akavaa viatu, akaenda dukani na boksi lake mkononi kudai kwamba wanatuuzia chokaa. Nilimfuata nyuma nikimwomba radhi kila tuliyepishana naye. Yule dada wa dukani akamwonyesha kwa kidole maneno yaliyoandikwa juu: tikisa kabla ya kunywa. Yale matope ndiyo madini ya mifupa yenyewe, hutuama chini. Baba, nani katika nyumba yako aliwahi kutikisa maziwa? Ukimwona mtu anatikisa ndoo unamfukuza zizini, unasema anataka kututengenezea siagi njiani. Basi sisi tulikuwa tunamimina polepole, kwa adabu, mkono hautetemeki, tunakunywa maji ya juu na mifupa ya Mama tunaitupa jalalani. Tulicheka njia nzima kurudi nyumbani. Siku hizi analitikisa boksi kama anayemwamsha mlevi.

Tangu hapo mambo yamenyooka. Pini ya sketi imetolewa. Ngazi za nyumba yetu, ambazo alikuwa anazipanda kwa kupumzika, sasa anazipanda akiniambia mimi nijivute. Kipimo cha mwisho sukari imerudi ilipotakiwa, na Bibi Lishe akampigia makofi mbele ya foleni. Amejifunza hata kutengeneza mwenyewe, maana huko nyumbani hakuna rafu. Analoweka soya, anazisaga, anachuja, kisha anachemsha vizuri na kwa muda mrefu, kwa sababu ambayo haijaiva inaumiza tumbo. Ameambiwa kwamba ya kujitengenezea hayana yale madini, kwa hiyo asiache mboga za majani na dagaa. Majirani walilalamikia harufu siku ya kwanza. Sasa jirani wa chini anapanda na chupa yake.

Baba, hapa ndipo nilipoiweka kalamu chini mara kadhaa.

Hili halikuanza mwaka huu. Mama ameniambia mwenyewe, tukiwa tunaosha vyombo, akiwa amenipa mgongo. Lilianza zamani, nilipokuwa naingia sekondari. Unakumbuka kila asubuhi, ukimaliza kukamua, unavuka ua na kikombe cha kwanza cha Bibi Harusi, na kabla yake cha mama yake Bibi Harusi, povu bado liko juu. Hukuwahi kumtuma mtu. Unampa Mama mkononi, unasimama hapo mpaka amalize, ndipo unarudi kazini. Miaka yote hiyo alijua ni kikombe kile kinachomuumiza, kwa sababu ulipokuwa unasafiri kwenda kwenye mnada wa ndama, tumbo lake lilikuwa linatulia. Alikunywa hivyo hivyo. Wewe ukigeuka, yeye anakwenda nyuma ya ghala kujikunja ambako hakuna mtu.

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akaniuliza, mtu anakuletea kilicho bora kuliko vyote alivyonavyo, kwa mkono wake mwenyewe, utafungua mdomo useme kinakuumiza?

Hakuja huku kwa ajili ya chumba changu, Baba. Alikuja kupumzika na kikombe.

Na mpango wake wa kurudi ndio ulionifanya niandike. Soya ameifunga ndani ya sanduku chini kabisa ya nguo, na ameamua kwamba atapokea kikombe chako kama kawaida, atakunywa mbele yako, na soya atainywea jikoni kwa kujificha. Nikamwambia daktari amekataza. Akasema daktari hajaolewa na wewe. Akirudia kikombe, mwili wote uliopatikana huku utakwenda tena, na safari hii sukari nayo iko mlangoni. Yeye hatasema. Kwa hiyo nakuomba uanze wewe. Usimpelekee. Mwambie kwamba unajua, na kwamba hukuchukia. Naogopa kukuomba hivi kuliko nilivyowahi kuogopa jambo lolote, na Mama hajui kwamba naandika.

Baba, nilikuwa nimefika hapo, mlango ukafunguliwa, Mama huyo, na chakula changu cha mchana. Nilifunika karatasi kwa mkono. Akaniambia mkono wangu hautoshi. Akavuta kiti, akasoma, polepole kama anavyosoma, kidole kikifuata mstari, na mpiga chapa akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

Alipomaliza alisema alidhani amezaa mtoto, kumbe amezaa redio. Akaishika barua kwa mikono miwili, nami kwa mara ya kwanza sikuomba radhi. Nilidhani ataichana. Badala yake akairudisha mbele yangu, akasema barua ni sawa, iende, ila kuna mahali nimekosea, nirekebishe.

Nimekosea, anasema, nikifikiri alikunywa kwa kuona haya kukataa zawadi tu. Anasema siku nzima wewe una ng'ombe, una ndama, una majani ya kukata, una watu wa maziwa wanaogongana getini. Ukiwa umeketi unasinzia. Ni pale tu, na kikombe mkononi, ambapo unasimama mbele yake huna haraka, unamtazama, unamwambia mvua itanyesha au haitanyesha. Hakuogopa hasira yako. Aliogopa kwamba siku kikombe kitakapokoma, hutakuwa tena na sababu ya kuvuka ua. Kwa hilo aliona maumivu ya tumbo si bei kubwa. Ameniamuru niandike maneno yake yalivyo, nisiyapambe: mwambie baba yako aje mikono mitupu, ila asiache kuja.

Tutafika Ijumaa kwa basi la mchana, mimi na yeye, maana mkuu wa masjala amenipa likizo kabla sijamaliza kuiomba. Mama anasema kama utakuwa na hasira, uwe nayo baada ya kutusaidia kushusha mizigo, kwa sababu soya haifichwi tena sandukuni, inakuja gunia zima, na mgongo wangu ni wa karani.

Msalimie shangazi na wote wanaoniulizia. Mpiga chapa anakusalimu ingawa hakujui, anasema amekujua leo. Salamu za Mama amenikataza nisiziandike; atazileta mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba wako